Mafundo Matatu

Panda kigodani, Lamara. Uzito uweke mguu wa kulia,
wa kushoto ulegeze, kama mtu aliyechoka kungoja zamu.
Jeli ni ya baridi, najua. Kutaisi yote ni ya baridi leo.

Miaka thelathini umesimama mbele ya tanuri,
ukiinama kubandika kinyunga kwenye ukuta wa moto,
ukiinuka na mkate mrefu, umechongoka ncha mbili.
Joto usoni, saruji nyayoni, na damu katikati
ikisahau njia ya kupanda.

Kabla mashine haijasema, macho yameona:
fundo chini ya goti, fundo ndani ya paja,
na juu ya kifundo ngozi imekuwa rangi ya chai iliyolala,
ngumu kama ganda. Usiku inawasha, unasema.
Umeifunika kwa soksi nene, hata mumeo hajui.
(Anajua. Yuko ukumbini, anawasumbua wauguzi.)

Nabana shavu la mguu: samawati yapanda kiooni.
Naachia: nyekundu yashuka.
Moja. Mbili. Tatu. Bado yashuka.
Vali ingekuwa nzima
ingefunga mlango kabla sijamaliza kutamka "moja".

Nafuata mkondo hadi kinenani,
na hapo, chini ya kovu jeupe la urefu wa kidole gumba,
nakuta kisiki.
Aliyeikata vena hakuikata kwenye shina.
Aliacha kipande, sentimita mbili tu,
nacho, kama visiki vyote, kimechipua:
vijishipa vyembamba, vimepinda, vimejisuka upya,
vikalitafuta paja, vikalipata.

"Nani alikupasua mara ya kwanza?"
Nauliza, na mwinamo wa kovu naujua.
Ni mkono wa kushoto.

"Baba yako," unajibu. "Desemba ya mwaka ule usio na umeme.
Taa zilizimika nimeshafunguliwa.
Muuguzi akashika kandili, chumba kizima kikanuka mafuta ya taa.
Ganzi ilikuwa kiunoni tu, nilisikia kila neno.
Daktari Otari akasema: Lamara, sioni tena. Nafunga ninapoona.
Nikamwambia: funga, daktari, mikate yangu inaungua."

Unacheka. Kigoda kinatikisika.
Mimi sicheki. Nimeshika kalamu nyeusi,
nauchora mguu wako ungali umesimama,
maana ukilala tu, mishipa hii hujificha
kama watoto waliovunja kitu.

*

Leo taa ni tatu, wala hazina kivuli.
Sipiti juu ya kovu. Kovu la kale ni kichaka:
kila kijiti ukikigusa kinavuja.
Napita ubavuni, penye nyama isiyoguswa,
natafuta kwanza vena kuu, ile ya kina,
kisha narudi polepole, milimita kwa milimita,
mpaka pale kisiki kinapoungana nayo.

Nikaukuta. Uzi wa hariri, mweusi.
Mafundo matatu.
Siku zote alifunga matatu,
hata kamba za viatu vyangu vya shule.
Haukuoza. Haukulegea.
Ulishika barabara, ila si mahali pake.

Msaidizi wangu alitaka kuutupa na pamba.
Nikamwambia: ngoja.

*

Kesho utatembea hadi dirishani na kurudi.
Bendeji usiilegeze, hata ukiichukia.
Siwezi kukuapia kwamba haitarudi;
mwili una ukaidi wake, na mimi nina mikono miwili tu.
Ukirudi tanurini, omba kiti.
Hutaomba, najua.

Baba siku hizi hulisahau hata jina la mto upitao mjini,
lakini kila jioni, nikivua koti, huniuliza:
leo umepasua nini?
Leo nitamwambia: mafundo matatu, Baba, na yote yalikuwa yameshika.
Sitasema mahali.
Labda atanyamaza. Labda atainama, taratibu,
atazame viatu vyangu.